Nyumba ya Geti Moja

Gusneti ni mwanamke asiyeketi mahali popote kabla hajaona mlango uko wapi. Harusini huchagua kiti cha pembeni, hata kama kiko mbali na chakula. Msikitini huswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Akiwa dukani na mwenye duka akashusha mlango wa chuma nusu kwa sababu ya jua, yeye huweka chini alichoshika na kutoka bila kuaga. Sisi tunaoishi naye mtaa mmoja hapa Padang hatumcheki. Karibu kila nyumba ina mtu mwenye lake. Mimi nalala na viatu kitandani, upande wa miguuni, na mke wangu ameshachoka kuuliza.

La Gusneti lilianza mwaka 2009, siku ya tetemeko. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya shule, chini ya jengo la ghorofa tatu. Ilikuwa jioni, wateja wameshaondoka, na yeye na mwenzake Lasmi walikuwa wanapanga madaftari kwenye rafu. Mlango wa duka ulikuwa ule wa chuma unaojikunja kwenda juu, na walikuwa wameshaushusha mpaka usawa wa goti. Ardhi ilipoanza kwenda mbele na nyuma, wakakimbilia hapo. Fremu ilipinda mbele ya macho yao, mlango ukaanguka hadi chini na kunasa. Waliuvuta mpaka kucha zikatoka damu. Kisha ghorofa ya pili ikawashukia.

Lasmi alikuwa anaongea mwanzoni. Aliomba maji. Baadaye akamuuliza Gusneti kama ameziona kandambili zake. Baadaye akanyamaza. Gusneti alitolewa kesho yake, na wanaume waliotoboa ukuta kwa nyundo. Hakuvunjika hata kidole. Watu walimwambia amshukuru Mungu, naye alimshukuru, lakini tangu siku ile akawa mtu wa kutafuta milango.

Kazi ya dukani haikuwepo tena. Binamu yake Darlis, ambaye hujenga nyumba kwa maagizo ya wateja, akamchukua. Gusneti hachori ramani wala hajui kukoroga zege. Kazi yake ni kukaa na mteja, kumpa chai, na kumsikiliza mpaka ajue huyu mtu anataka kuishi vipi. Anaamka saa ngapi, anapika nini, mama mkwe atalala wapi, wageni wanakuja wangapi siku ya Idi. Kisha anamweleza mchoraji. Darlis husema mchoraji anachora kuta, lakini nyumba inaanzia kwenye chai ya Neti.

Kwa hiyo ameona jinsi watu wanavyobadilika. Miaka ile ya kwanza baada ya tetemeko, mteja akiingia ofisini alikuwa anauliza nguzo tu. Unene wake, nondo zake, msingi umeshuka kiasi gani. Wazee walikuwa wanakwenda kwenye ujenzi na kuzipiga nguzo makofi kama wanaokagua ng'ombe. Halafu, mwaka hadi mwaka, nguzo zikaanza kusahaulika. Sasa wanakuja vijana na picha kwenye simu. Wanataka sebule na meza ya chakula na jiko viwe kitu kimoja, bila ukuta katikati. Wanataka dari liende juu mpaka shingo iume, na vioo kuanzia sakafuni ili mwanga uingie. Wanataka majiko mawili, la mbele la kupigwa picha na la nyuma la kukaangia pilipili. Mfanyakazi wa benki alitaka chumba cha kufanyia kazi kisichosikika watoto. Mwalimu mstaafu alitaka bafu lisilo na kizingiti, kwa sababu ya magoti ya mkewe. Gusneti huwasikiliza wote na kutabasamu, na wakishaondoka huhesabu vioo vyao kichwani.

Kisha akaja Wismarti.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenyeji wa huku, ambaye ameuza vitambaa Jakarta nusu ya maisha yake. Sasa alikuwa amerudi, amenunua kiwanja karibu na ufukwe, na alitaka kuishi hapo na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini ambaye mtaa mzima baadaye ulimwita Amak, kama binti yake alivyomwita. Hakuja na picha kwenye simu. Gusneti alipomuuliza anapenda mwanga wa asubuhi au wa jioni, alisema mwanga wowote. Alipomuuliza rangi ya vigae, alisema yoyote.

"Nataka nyumba yenye geti moja na mlango mmoja," alisema. "Mtu akiingia, nijue ameingilia wapi."

"Na mkitaka kutoka, Uni Wis?" Gusneti alimuuliza. Alimwita Uni, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Nitatoka hapohapo."

Alitaka grili kwenye kila dirisha, hata la choo. Ukuta wa kuzunguka uwe mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mtu, na juu yake uwekwe waya wa umeme. Geti liwe la chuma, la kuteleza, linaloendeshwa kwa umeme na kufunguka kwa kidole chake au kwa rimoti. Kamera kila pembe. Darlis alikuwa anaandika huku akitingisha kichwa kwa furaha, maana wateja wanaojua wanachotaka ni wachache. Gusneti alikuwa anahisi ofisi inakuwa ndogo.

Wismarti alipoondoka, Gusneti alimwambia Darlis kwamba nyumba ile ingemtisha hata kuiota. Darlis hakukasirika. Alisema mwanamke yule anajenga kwa jasho lake, na wao kazi yao ni kuhakikisha haimwangukii.

"Nondo nitazitia mpaka azione aibu," alisema. "Hiyo nyumba haitaanguka, Neti."

"Sikusema itaanguka, Uda," Gusneti alijibu, akimwita kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Ujenzi ukaendelea. Mafundi wa Darlis walifanya kazi safi, na kwa kweli nyumba ilisimama imara. Siku geti lilipowekwa, Wismarti alimwita Gusneti aje alione. Waliingia pamoja uani. Wismarti akabonyeza rimoti, na geti likateleza nyuma yao polepole, bila kelele, mpaka likagusa ukuta na kutoa mlio mmoja mfupi.

Gusneti alisema baadaye kwamba mwili wake ulijua kabla yake. Jasho lilimtoka puani na mikononi, na mdomoni akahisi ladha ya vumbi la saruji, lile la 2009, ingawa ua ulikuwa umefagiliwa.

"Fungua, Uni," alisema.

Wismarti alidhani anatania. Alianza kumwonyesha kamera. Gusneti akasema tena, kwa sauti ambayo si yake, na Wismarti alipomgeukia akamwona amepiga magoti kwenye kokoto. Alifungua mara moja. Alimshika mkono, akamtoa nje, na wakakaa barabarani juu ya mifuko ya saruji iliyobaki, kama vibarua.

Hapo ndipo Gusneti alipomweleza habari za duka, na mlango, na Lasmi na kandambili zake. Wismarti alisikiliza akiangalia chini. Gusneti alipomaliza, Wismarti naye akasema yake. Jakarta, miaka minne nyuma, wanaume watatu waliingia nyumbani kwake usiku kwa mlango wa jikoni, wa nyuma. Walimfunga yeye na mumewe kwa kamba za pazia. Mmoja alikuwa anamwita mama, kwa heshima kabisa, huku amemwekea kisu shingoni. Mumewe hakupigwa hata kofi, lakini moyo wake haukurudi sawa, na baada ya miezi michache akafa.

"Wewe unaogopa kutotoka," Wismarti alisema. "Mimi naogopa wanaoingia. Nyumba itaturidhisha vipi sisi wawili?"

"Mimi sitaishi humo, Uni. Lakini Amak ataishi. Na bahari ile pale."

Walizungumza mpaka jua likahama. Mwishowe Wismarti alikubali jambo moja. Nyuma ya jiko la nje, ukuta ungetobolewa mlango mdogo wa chuma, unaotokea kichochoro cha kwenda barabara ya milimani. Ungekuwa na komeo la ndani tu, bila tundu la ufunguo nje. Alikubali kwa shida, na alipokuwa anakubali, mkono wake ulikuwa shingoni. Gusneti aliuona huo mkono, na usiku ule alijilaumu kwamba amemtia mwenzake hofu ili kupunguza ya kwake.

Wismarti na Amak walihamia kabla ya mwezi wa Ramadhani. Tulialikwa kwenye dua, tukala, tukasifu vigae. Amak alikuwa amekaa uani kwenye kiti, anaangalia ukuta.

"Kijijini nilikuwa nawafungia kuku jioni," alituambia. "Huku nimefungiwa mimi, na asubuhi hawanifungulii."

Tulicheka. Wismarti alicheka pia, lakini aliangalia kamera.

Nje ya ule ukuta, kwenye kona, palikuwa na kibanda cha Syafnil, kijana anayeziba pancha za pikipiki. Kibanda kilikuwepo kabla ya nyumba. Syafnil hukaa hapo tangu asubuhi, na kwa kuwa kibanda kinatazama geti, naye hulitazama geti, kwa sababu hakuna kingine cha kutazama. Wismarti alimwona kwenye kamera siku zote, uso umegeukia kwake. Alikwenda kwa balozi wa mtaa kumlalamikia. Balozi alimweleza kwamba kijana anamjua tangu anazaliwa, na kwamba mtu haondolewi barabarani kwa sababu ya kuangalia. Syafnil alipopata habari aliumia, kisha akageuza kuwa mzaha. Kila gari la Wismarti lilipopita alifunika macho kwa mikono miwili, na vijana wenzake wakaangua kicheko. Wismarti hakuona mzaha. Aliona mtu anayejificha uso.

Ilipita miezi. Mvua zikaanza, na Wismarti akampigia simu Gusneti kwamba dari la chumba cha kufulia linavuja. Gusneti alikwenda asubuhi ya siku ya kazi. Hakupenda kwenda, lakini alijipa moyo kwa ule mlango mdogo. Alisimama uani, geti likafungwa nyuma yake, naye akajisemea kwamba kuna njia nyingine, kuna njia nyingine, mpaka mapigo yakatulia. Aliangalia doa kwenye dari. Jikoni nyuma, Amak alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe lake pana la kusagia pilipili, alilokuja nalo kutoka kijijini na ambalo hakuruhusu mtu alibadilishe kwa mashine.

Kwanza ndege walinyamaza. Gusneti ananiambia hilo ndilo analolikumbuka kuliko yote. Kisha ukaja mngurumo kutoka chini, kama lori zito linapita chini ya sakafu, na nyumba ikaanza.

Haikuwa kama 2009, lakini haikuwa ndogo. Ilikuwa ndefu. Vyombo vilimwagika kabatini, kabati likatembea. Wismarti alitoka sebuleni kwa kutambaa. Gusneti alimkumbatia Amak na wote wakalala kwenye uwazi wa nyuma, kati ya jiko la nje na ukuta, wakitamka shahada, huku maji ya pipa yakiruka na kuwalowesha. Nyumba ililia kila kiungo. Haikuanguka. Nondo za Darlis zilishika kama alivyoahidi.

Ilipotulia, umeme ulikuwa umekatika. Halafu kutoka upande wa bahari king'ora kikaanza.

Hapa kwetu hakuna mtu anayehitaji kuelezwa king'ora kile. Tetemeko refu, kisha king'ora, maana yake bahari inaweza kupanda nchi kavu, uende juu, na usirudi kuchukua kitu. Wismarti alikimbilia geti. Alibonyeza kidole, akabonyeza rimoti, akaweka kidole tena, akakifuta kwenye gauni na kukiweka tena. Geti lilikuwa limekufa. Gusneti alimuuliza ufunguo wa kulifungulia kwa mkono uko wapi, maana kila geti la aina ile lina ufunguo wake.

"Anao Rivo," Wismarti alisema. "Nilimpa ili mtu asije akauona humu."

Rivo ni mwanawe. Yuko Jakarta.

"Basi twende nyuma," Gusneti akasema, na akamshika Amak mkono. Walizunguka jiko. Pale palipokuwa na mlango mdogo palikuwa na vyungu vya maua ya okidi vilivyopangwa kwenye ngazi ya mbao, na nyuma ya vyungu palikuwa na ukuta. Plasta yake ilikuwa nyeupe kidogo kuliko nyingine.

"Uni. Mlango uko wapi?"

"Niliuziba," Wismarti alisema. "Mtu alikuwa anaugonga. Jioni, mara kwa mara. Nikatafuta fundi wa mtaani, nikamwambia autoe, aweke tofali."

Ni hapo Gusneti alipokwisha. Alirudi getini bila kujua anarudi, akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye upenyo wa chini na kuvuta. Alikuwa anavuta mlango wa duka. Nje kulikuwa na pikipiki zinapiga honi, miguu inakimbia, mwanamke anaita jina la mtoto. Alipiga kelele, lakini kila mtu barabarani alikuwa anapiga kelele, na moja zaidi haikuwa kitu. Ardhi ikatikisika tena, kidogo. Alisikia, anasema, Lasmi akiomba maji.

Kilichomrudisha ni kitu cha kawaida kabisa. Amak alikuja nyuma yake akiburuta mguu wake mbovu, akamshika sikio, kama anavyoshikwa mtoto aliyesahau kuteka maji, na kulivuta.

"Neti, lile jiwe langu zito. Mimi siwezi kulinyanyua. Njoo."

Alikwenda. Wismarti alikuwa tayari ameangusha vyungu vyote na alikuwa anapiga ukuta kwa sufuria. Wakalishika lile jiwe la kusagia, mmoja huku na mmoja huku, bado lina pilipili mbichi juu yake, na wakalirusha kwenye ile plasta nyeupe. Plasta ilikuwa imeshapata ufa wa tetemeko. Walipiga tena. Pilipili iliwaingia machoni na kwenye mikwaruzo ya mikono. Kipande cha plasta kikaanguka, tofali zikaonekana, za safu moja tu, fundi wa mtaani hakujisumbua. Walipiga, wakapiga. Tofali moja ikasogea kama jino bovu.

Kutoka upande wa pili, sauti ya mwanamume ikasema, "Kuna nani huko?"

Wismarti aliacha jiwe. Lilimdondokea Gusneti upande wake na karibu limvunje mguu. Wismarti alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye jiko, mkono shingoni. Aliitambua ile sauti. Alikuwa anaisikia kwenye kamera kila siku.

"Kuna nani?" Syafnil aliita tena. "Jibuni, mimi naondoka, maji yanakuja."

Gusneti alimwangalia Wismarti. Wismarti alikuwa anatikisa kichwa, polepole, macho yamemtoka. Gusneti anasema hajawahi kuona uso wa namna ile ila mara moja, na siku hiyo alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe. Hata hivyo aliweka mdomo kwenye tundu la tofali.

"Ni mimi, Neti wa Darlis. Tuko watatu, na Amak. Geti halifunguki. Usiondoke, mdogo wangu."

"Sogeeni."

Alikuwa na kile chuma chake cha kutolea matairi. Alikichomeka kwenye tundu na kuzing'oa zile tofali moja baada ya nyingine, kwa haraka. Tundu lilipotosha mabega, alijipenyeza yeye kwanza, akaingia uani kwa Wismarti kutoka nyuma, na kitu kile ambacho yule mwanamke alikuwa amejenga nyumba nzima ili kisitokee kikawa kimetokea mbele yake, mchana. Alisimama pale amejaa vumbi, chuma mkononi. Wismarti hakupiga kelele. Alikuwa ameacha kupumua.

Syafnil aliweka chuma chini. Aliona, nadhani. Akageuka, akachuchumaa mbele ya Amak, akampa mgongo.

"Panda, Amak. Ushike shingo, lakini usininyonge, mimi sijaoa bado."

Akamtoa. Gusneti akafuata. Alipokuwa kichochoroni aliinama na kumwona Wismarti bado amesimama ndani.

"Uni Wis, toka. Hakuna mtu mwingine humo."

"Nitaachaje tundu wazi?"

Alilisema hivyo hivyo, na king'ora kinalia. Gusneti akarudi. Mtu ambaye hakai hata kwenye duka lililoshushwa mlango nusu, aliingiza mwili wake tena kwenye lile tundu, akamshika Wismarti kiuno na kumvuta nje kama mtu anayetoa gunia.

Walikwenda kwa pikipiki mbili, ya Syafnil na ya kijana mwenzake aliyekuwa anamsubiri kwa matusi. Niliwakuta mlimani, kwenye uwanja wa shule, kati ya maelfu ya watu. Amak alikuwa amepewa kikombe cha tambi za moto na alikuwa analalamika hazina pilipili. Gusneti na Wismarti walikuwa wamekaa wamegusana mabega, macho mekundu, mikono imevimba. Kila mtu uwanjani alikuwa anatazama upande wa bahari, ambayo kutoka pale haionekani vizuri, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mtu mmoja akisema imerudi nyuma, uwanja mzima ulinyanyuka. Mwingine akisema hapana, tulikaa.

Maji hayakuja. Alasiri walitangaza kwamba hatari imepita. Tuliteremka polepole, kama watu waliofukuzwa.

Nyumba ya Wismarti ilikutwa imesimama. Ufa mwembamba juu ya dirisha moja, basi. Darlis aliizunguka mara mbili, akaona tundu la nyuma, akaona jiwe la pilipili limelala kwenye kokoto, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Kwa wiki kadhaa Wismarti alilala kwa Gusneti, kwenye nyumba ya mbao ya kupanga, yenye milango mitatu na hakuna hata mmoja unaofunga vizuri. Mmoja alikuwa anashtuka jengo likilia, mwingine mbwa akibweka. Walizoeana hivyo. Ilijulikana baadaye kwamba aliyekuwa akigonga mlango mdogo ni mpira wa watoto wa kichochoroni.

Siku moja Wismarti alimwambia kitu ambacho Gusneti amenieleza mara moja tu. Alisema pale aliposikia ile sauti, alikuwa tayari maji yamkute humo ndani kuliko kuijibu. Hakuwa anafikiri. Alikuwa amechagua. Na kinachomtisha sasa, alisema, si wezi wala si maji.

Alipeleka rendang, nyama iliyopikwa kwa tui mpaka ikakauka, kibandani kwa Syafnil, chungu kizima. Syafnil alimuuliza akirudisha chungu apite getini au atoboe ukuta. Wismarti alijaribu kucheka. Amerudi nyumbani kwake. Kwenye lile tundu ameweka mlango wa mbao, wenye komeo la ndani, na ufunguo wa geti unaning'inia kwenye msumari jikoni. Kamera ziko palepale. Na bado husogeza kiti nyuma ya mlango wa mbao jioni, kisha hukumbuka na kukitoa, kisha hukirudisha. Amak ndiye anayetusimulia.

Gusneti alikaa bila kazi mpaka alipoweza tena kumimina chai bila kuimwaga. Watu husema alipona kwa kurudi kwenye lile tundu. Yeye anasema hakupona kitu. Aliporudi kwa Darlis alimwambia jambo moja tu, kwamba hatakaa na mteja wa nyumba yenye njia moja ya kutokea. Wamepoteza wateja wawili watatu kwa ajili hiyo. Darlis alinung'unika tu.

Wiki iliyopita nilipita ofisini kwao kuchukua mbao zangu. Walikuwepo mume na mke, vijana, wazuri wa kutazama, simu mezani imejaa picha. Walikuwa wanataka ngazi inayoelea, isiyoonekana inashikwa na nini, na kioo kizima upande wa bahari. Gusneti alikuwa anamimina chai. Ghafla chai ikaanza kucheza kwenye vikombe, duara ndani ya duara, na kioo cha dirisha kikalia. Yule mume alikuwa amesimama nusu, mkono begani kwa mkewe, na wote wawili, bila kuambizana, walikuwa wanaangalia mlango.

Lilikuwa lori la saruji, linarudi nyuma uani kwa Darlis. Dereva akazima injini. Yule kijana akakaa, akajikohoza, akasogeza simu karibu na Gusneti.

"Na vigae," alisema, "mna hivi vya kijivu?"